Kahawa iliyokaushwa na ganda lake: ladha ni yetu, hasara ni ya nani?

Kwenye hii ishu ya kahawa inayouzwa kwa jina la mkulima mmoja mdogo, iliyokaushwa na ganda lake, kuna kambi mbili na zote zina kelele. Wa kwanza wanakwambia hiyo ndo kahawa yenyewe, harufu ya matunda, tamu bila sukari, mkulima analipwa vizuri, nunua. Wa pili wanasema hiyo ni kahawa iliyochacha tu ikapewa jina zuri, na mkulima anaingizwa kwenye kamari. Mi nawasikiliza wote na naona wa kwanza wako sahihi kwenye kikombe, ila wa pili wameona kitu shambani ambacho wanywaji wengi hatukioni.

Tuanze na kazi yenyewe. Kahawa ya kuoshwa inamenywa ganda mapema, kwa kawaida siku ileile ya kuchumwa, ule utelezi uliobaki kwenye punje unaachwa uchachuke, unasuuzwa, ndo punje zinaenda kuanikwa. Hii nyingine haimenywi kabisa, tunda linaanikwa zima na ganda lake na sukari yake yote, chachu na bakteria wanafanya kazi yao taratibu wakati linakauka, na harufu zile zinatoka humo. Wala sio fasheni mpya, Yemen na Harar ya Ethiopia wamekausha hivi tangu zamani na Brazil mpaka leo kahawa yao nyingi inapita njia hii.

Sasa ile sifa ya kwamba ni kahawa ya daraja la chini imetoka wapi? Angalia Kenya, kahawa iliyokaushwa hivi inaitwa mbuni na bei yake kwa kawaida iko chini, lakini kilichokuwa kinakaushwa hivyo ni yale matunda yaliyobaki, yaliyoanguka chini, yaliyokaukia mtini, mazuri yote yameshaenda kumenywa. Yaani ukikausha tunda baya unapata kahawa mbaya halafu lawama inabebeshwa njia ya kukausha, hapo kwa kweli wanaoipinga wanakosea.

Ila nenda kwenye kichanja cha kuanikia uangalie. Siku ya tatu ukibonyeza tunda linanata vidoleni kama asali, siku ya kumi limesinyaa kama zabibu kavu, na mwisho linakuwa jeusi gumu, ukilitikisa karibu na sikio unasikia punje zinagonga ndani. Hapo unyevu umeshuka kutoka zaidi ya asilimia 60 mpaka kama 11 hivi, na safari hiyo inachukua wiki mbili mpaka nne, siku za mwanzo tunda halitakiwi kulaliana na wenzake wengi, linageuzwa mara nyingi kwa siku, jioni linafunikwa, asubuhi linafunuliwa, na kila siku kuna mtu ameinama anaokota yaliyooza. Mvua ya dakika kumi mtu hayupo, ukungu unaingia. Na matunda machache mabovu yakipenya yakafika kwa muonjaji anayepima ubora na kutoa alama, kikombe kinanuka na mzigo mzima unashushwa daraja!

Upande mwingine lazima usemwe vizuri pia. Njia hii haihitaji mashine ya kumenya na karibu haitumii maji, wakati kuosha kwa mtindo wa zamani kunakula maji mengi, halafu yale maji yenye sukari yakimwagwa mtoni bila kusafishwa yanamaliza hewa ya samaki. Kwa mkulima aliye mbali na mto, hana mashine, huu ni mlango wa kweli wa kuingilia soko la kahawa bora. Mlango wa bei nafuu kwa vifaa, ghali kwa mikono, na hiyo mikono mara nyingi ni ya familia na haihesabiwi popote.

Halafu kuna hili la jina moja kwenye mfuko. Ethiopia kuanzia 2008 kahawa nyingi ya wakulima wadogo ilipita kwenye soko la bidhaa la ECX ikachanganywa kwa eneo na daraja, jina la mkulima likapotelea humo, mpaka mabadiliko ya 2017 yalipofungua njia ya kahawa kufuatiliwa hadi ilipotoka. Mi napenda jina lionekane, mtu amepambana na kichanja mwezi mzima ana haki ya kujulikana. Lakini kwenye mchanganyiko siku mbaya ya mtu mmoja inamezwa na siku nzuri za wenzake, kwenye mzigo wa mtu mmoja inabaki yote juu yake. Na yule anayeuza matunda mabichi kiwandani anaweza kupokea hela mapema, huyu wa kukausha anasubiri ikauke, ikobolewe, ionjwe, ndo alipwe, na ada za watoto hazisubiri.

Kwa hiyo hasira yangu iko kwa mnunuzi anayetaka harufu kali kila mwaka zaidi ya mwaka uliopita, anamsukuma mkulima aache tunda lichachuke zaidi, halafu akionja asipoipenda anaondoka bila kupoteza kitu. Hapo ndo hata lile lalamiko kwamba kahawa hizi zinafanana popote zilipotoka linakuwa kweli, maana uchachukaji ukizidi shamba halionekani tena. Anayeitaka aseme kabla ya msimu, atoe sehemu ya malipo matunda yanapopanda kichanjani, tena bei iliyo juu ya ile ya kuosha hata kama alama zitatoka za kawaida.

Na mkulima anayefikiria kuanza, mi ningemwambia asihamishe shamba zima. Kama kilo sita za matunda zinatoa kama kilo moja ya kahawa safi, yaani punje zilizokobolewa ambazo hazijakaangwa, mwenye kilo 1,200 za matunda akitenga 120 za kukausha na ganda anacheza na kilo 20 hivi za kahawa safi, kichanja kimoja anachoweza kukisimamia mwenyewe asubuhi mpaka jioni, na mvua ikimuwahi siku moja zile kilo 180 nyingine za kahawa safi zinabaki.