Saa Moja na Dakika Kumi Altun Ha

Desemba iliyopita nilisafiri kwa meli ya kitalii kutoka Galveston, Texas, na siku ya nne tulitia nanga Belize. Tulitia nanga kwa maana yake halisi, kwa sababu bahari ya hapo ni ya maji mafupi na imekingwa na mwamba wa matumbawe wenye urefu wa takriban kilomita 300, kwa hiyo meli kubwa hazifiki gatini. Hubaki mbali, na abiria hushushwa kwa boti hadi mjini. Nilikuwa nimelipia ziara ya saa nne na nusu ya kwenda kuona magofu ya Altun Ha, mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa asili wa kusini mwa Mexico na Amerika ya Kati. Magofu hayo yako yapata kilomita 50 kaskazini mwa Jiji la Belize. Ukiondoa boti, foleni ya kuhesabiwa, basi la kwenda, basi la kurudi na duka la vinyago tulikosimamishwa njiani, muda niliokanyaga ardhi ya Altun Ha ulikuwa saa moja na dakika kumi.

Wapo wanaosema kwamba ziara za namna hiyo ni kupoteza fedha, na kwamba mwenye haja ya kuwajua Wamaya apande ndege akakae huko wiki mbili. Sikubaliani nao. Wengi wetu tunaofanya kazi za zamu hatuna wiki mbili, na saa moja ya kutazama kwa makini kazi ya mikono ya watu ina thamani yake. Linaloniudhi ni jinsi abiria anavyotayarishwa kwa saa hiyo. Karatasi ya ziara tuliyogawiwa melini ilizungumzia ustaarabu uliopotea, na usiku wa kuamkia siku ile mzungumzaji aliyepangwa kutuelimisha ukumbini alisema kwamba Wamaya walitoweka na kwamba hakuna ajuaye walikokwenda. Asubuhi yake tukapokelewa gatini na mjukuu wao.

Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kusikika hadi kiti cha nyuma bila kipaza sauti. Basi lilipoiacha barabara kuu na kuingia ile ya zamani, yenye mashimo, alituambia kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa akizungumza Kimaya cha Yucatán nyumbani na kwamba yeye mwenyewe amebakiwa na maneno machache tu, ambayo aliahidi kutufundisha kabla hatujaachana. Alieleza kwamba Belize ina Wamaya wa makundi matatu, yaani Wayucatec, Wamopan na Waq'eqchi', na kwamba ukijumlisha Guatemala, Mexico na Honduras idadi yao inahesabiwa kwa mamilioni, nao wanazungumza lugha zinazokaribia 30. Watu wawili watatu ndani ya basi walitazamana. Waliyokuwa wameelezwa usiku hayakulingana na waliyokuwa wakiyasikia mchana.

Jambo lililotokea katika historia linaelezeka vizuri bila kumtowesha mtu yeyote. Katika karne ya 8 na ya 9 miji mingi mikubwa ya nyanda za chini za kusini ilianza kuacha kujenga, wafalme wake wakaacha kuchonga nguzo za mawe zenye tarehe, na watu wakahama kidogokidogo. Watafiti wanataja ukame wa miaka mingi, vita baina ya miji, na watawala kupoteza imani ya raia waliowalisha. Wakati huohuo miji ya kaskazini kama Chichén Itzá ilikuwa ikistawi. Lamanai, ambayo haiko mbali na Altun Ha, iliendelea kukaliwa hadi Wahispania walipokuja na kujenga kanisa lao humo, na mji wa Nojpetén wa Wamaya wa Itza, katika Guatemala ya leo, haukuanguka mpaka mwaka wa 1697. Mji kuhamwa ni jambo moja na watu kwisha ni jambo jingine. Mimi nimekulia Malindi, na Gede yetu iliyomo msituni ilihamwa vilevile, lakini hakuna mtu wa pwani anayeamka asubuhi akajiuliza Waswahili walikwenda wapi.

Basi tufike kwenye mawe yenyewe, maana ndiyo yaliyonipeleka. Altun Ha ina viwanja viwili vikubwa vya nyasi vilivyozungukwa na majengo yenye ngazi, na jengo linalovuta macho kwanza ni lile la kiwanja cha pili, Hekalu la Madhabahu za Mawe, lenye kimo cha mita 16 hivi, ambalo picha yake imo kwenye nembo ya bia ya Belikin na kwa hiyo inajulikana nchi nzima. Wenzangu walikimbilia ngazi za kupanda juu. Mimi nilibaki chini kwa muda kwa sababu mama yule alikuwa ametuonyesha, katika pembe moja isiyopigwa sana na mvua, kipande cha lipu ya kale kisichozidi upana wa kiganja. Nilikiinamia. Ilikuwa chokaa. Ilikuwa na weupe uleule uliofifia kuelekea rangi ya mchanga, na vipunje vilevile vinavyoonekana kwenye kuta za msikiti mkuu wa Gede. Wamaya walichoma mawe ya chokaa kwa marundo ya kuni kama wazee wetu walivyochoma matumbawe kwenye tanuu, wakapata unga wa kusilibia kuta na sakafu, kisha majengo mengi wakayapaka rangi nyekundu. Mtu aliyewahi kuona tanuu ya chokaa ikiwaka hahitaji kuambiwa kazi hiyo ni nzito kiasi gani, wala ni kuni kiasi gani huteketea ili nyumba moja tu ipate lipu. Nilipoinua macho na kulitazama hekalu lote, nilianza kuyaona majeshi ya watu wenye mashoka na mizigo ya kuni mgongoni.

Juu kabisa pana mahali pa madhabahu, ambapo vipande vya jiwe la kijani vilivunjwavunjwa na kuchomwa pamoja na utomvu wenye harufu nzuri. Utomvu huo ni jamii ya kile tunachokiita sandarusi, na Wazungu walipokuja kununua sandarusi ya pwani yetu katika karne ya 19 waliiita copal, kwa jina ambalo Wahispania walikuwa wamelichukua kwa watu wa Mexico. Ndani ya hekalu hilo, mwaka wa 1968, mwanaakiolojia David Pendergast wa Royal Ontario Museum ya Kanada alifukua kaburi la mzee mmoja aliyezikwa na kichwa cha Kinich Ahau, mungu wa jua, kilichochongwa kutoka bonge moja la jedi, lile jiwe gumu la kijani. Kina uzito wa kilo 4.42 na kimo cha karibu sentimita 15, na ndicho kitu kikubwa kuliko vyote vya jedi iliyochongwa vilivyopata kuonekana katika nchi za Wamaya. Jedi haichimbwi Belize. Ilitoka bonde la mto Motagua huko Guatemala, ikasafirishwa, na ikachongwa bila chombo chochote cha chuma, kwa kusuguliwa na mchanga, kamba na mawe mengine. Mzee aliyezikwa nacho alikuwa mtu wa mji wa biashara, uliokuwa umbali mfupi tu kutoka baharini, na mtu wa pwani yoyote ile angeuelewa.

Katika hekalu jingine pale pale, kaburini, palikuwa na mabaki ya kitabu. Karatasi ilikwisha kuoza. Hiyo ndiyo habari iliyonihuzunisha kuliko zote, kwa kuwa vitabu vya Wamaya vya kabla ya Wahispania vinavyojulikana leo ni vinne tu, na vingi vya vingine viliteketezwa kwa makusudi, kama pale Maní mwaka wa 1562, kwa amri ya mtawa Diego de Landa. Watu walioandika vitabu, waliokuwa na alama ya sifuri na kalenda ya kuhesabu siku kwa maelfu ya miaka, walichomewa maandishi yao, na sasa watalii tunaambiwa kwamba hawakuacha maelezo.

Tulipokuwa tumekaa kivulini tukinywa maji, bwana mmoja aliuliza, kwa adabu kabisa, kama si kweli kwamba majengo yale yalisaidiwa na viumbe kutoka angani. Mama alimjibu kwa upole kwamba mawe yalikatwa palepale na kwamba mashimo yalikokatwa yanaonekana. Simlaumu bwana yule, kwani aliuliza alichofundishwa na televisheni. Hata hivyo swali lake ni la ukoo wa zamani. Katika karne ya 19 wasomi wa Ulaya na Marekani waliyapa majengo ya Wamaya kila mjenzi waliyeweza kumfikiria, Wamisri, Wafoinike, hata watu wa Atlantis, mpaka msafiri John Lloyd Stephens aliposema waziwazi mwaka wa 1841 kwamba waliojenga ni wazazi wa watu haohao waliokuwa wakiishi huko. Sisi wa pwani tunalijua jambo hili. Kwa miaka mingi miji yetu ya mawe iliandikwa kuwa kazi ya wageni waliokuja na majahazi, na Mswahili akawekwa pembeni kama mpangaji katika nyumba aliyoijenga babu yake.

Na maneno haya hayaishii ukumbini mwa meli. Katika wilaya ya Toledo, kusini mwa Belize, Wamaya walikwenda mahakamani kudai ardhi ya vijiji vyao, na moja ya hoja za upande wa serikali ilikuwa kwamba wao ni wahamiaji kutoka Guatemala wasio na mwendelezo na Wamaya wa zamani. Mwaka wa 2007 Jaji Mkuu wa Belize wa wakati huo, Abdulai Conteh, ambaye ni mzaliwa wa Sierra Leone, aliwapa haki wanakijiji wa Conejo na Santa Cruz, na mwaka wa 2015 Mahakama ya Haki ya Karibi ikathibitisha haki za ardhi za vijiji vya Wamaya wa Toledo. Fikiria basi jinsi neno "walitoweka" linavyosikika masikioni mwa mtu aliyekaa kortini miaka nenda miaka rudi akithibitisha kwamba yupo.

Upande wa kaskazini, mwaka wa 2013, piramidi kuu ya Nohmul ilibomolewa karibu yote kwa matingatinga ili kupata kifusi cha kujengea barabara, ingawa sheria ya Belize inayalinda magofu hata yaliyo katika ardhi ya mtu binafsi. Altun Ha yenyewe ilianza kujulikana kwa njia inayofanana na hiyo, kwani mwaka wa 1963 wanakijiji wa Rockstone Pond waliokuwa wakichimba mawe walikuta kidani cha jedi kilichochongwa, na Pendergast akaanza kazi mwaka uliofuata. Mwanakijiji anayechimba jiwe la kujengea nyumba yake namwelewa. Tingatinga la barabara halina udhuru.

Kwa hiyo ninaziomba kampuni za meli mambo mawili, na sidhani ni makubwa. La kwanza ni kumwita mtembezaji wa Belize apande melini jioni ya kuamkia ziara, azungumze ukumbini yeye mwenyewe. Hao ni watu wenye leseni, wamesomea kazi yao, na wanaijua nchi. La pili ni kuondoa kusimama dukani na kuurudisha muda huo kwenye magofu, kwa sababu nusu saa ya ziada ingetutosha kufika kwenye bwawa la kale la maji lililo nyuma ya hekalu, ambalo wengi wetu hatukuliona. Jina Altun Ha lenyewe limetokana na bwawa hilo, nalo ni la juzi: ni jina la kijiji, Rockstone Pond, lililogeuzwa kuwa Kimaya. Nawe msafiri mwenzangu, ukichagua ziara, chagua gofu moja usichanganye na kuogelea wala kushuka kwa kamba mitini, na ukitoka peke yako na teksi ujue kwamba meli haitakusubiri ukichelewa. Mimi nikirudi nitakwenda Lamanai, kwa sababu huko mtu hufika kwa boti kupitia mto New River, na huona katika eneo moja mahekalu ya kale, makanisa ya Wahispania na kinu cha sukari cha karne ya 19.

Dereva alikuwa amekwisha kuwasha injini mama alipokumbuka ahadi yake. Mbwa wawili walikuwa wamelala kivulini kando ya geti. Aliwanyooshea kidole akasema ka'atúul peek', kisha akaonyesha mawe mawili yaliyozuia geti lisijifunge, akasema ka'ap'éel tuunich, na akaeleza kwamba katika lugha ya bibi yake namba hubadilika mkia, kwa kiumbe chenye uhai mkia mmoja na kwa kitu kisicho na uhai mkia mwingine. Abiria wengine walirudia maneno wakicheka kwa ugumu wake. Mimi nilimwambia kwamba kwetu nasi mbwa ni wawili na mawe ni mawili, na namba haiwezi kusimama mpaka ijue inahesabu nini. Alinitaka nirudie. Nilirudia polepole, mbwa wawili, mawe mawili, naye akayasema mara tatu mpaka yakamkaa mdomoni, ndipo tukapanda basi.