Mchele wa Kituoni Ungefaa Kwenda kwa Bibi

Ikikaribia Idi au Krismasi, magrupu ya WhatsApp huanza kuchangishana. Magunia ya mchele, madumu ya mafuta, katoni za sabuni, fulana zenye jina la kikundi, halafu safari ya kituo cha watoto yatima. Mkifika, vitoto vya miaka miwili mitatu vinawakimbilia. Hakijawahi kukuona, lakini kinakukumbatia miguu, kinataka kubebwa. Ukikishusha kinamrukia mwenzako. Picha zinapigwa. "Jamani, hawa watoto wana upendo!"

Mtoto wa umri huo anayelelewa na mama au shangazi yake humwogopa mgeni. Kwanza anajificha nyuma ya khanga.

Tofauti hiyo imechunguzwa kwa kina jijini Bucharest, Romania. Mwaka 1966 mtawala wa nchi hiyo, Nicolae Ceaușescu, alipiga marufuku utoaji mimba na kubana uzazi wa mpango ili Waromania waongezeke. Familia zikazidiwa, watoto wakaachiwa serikali. Utawala wake ulipoanguka Desemba 1989, zaidi ya watoto laki moja walikuwa kwenye makao. Mwaka 2000 Wamarekani watatu, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kuwafuatilia watoto 136 wa makao hayo, wenye umri wa kati ya miezi 6 na 31. Kwa kura, nusu walipelekwa kwa walezi wa kambo waliolipwa posho, nusu wakabaki. (Kura hiyo ilizua mjadala mkali wa maadili, na mimi bado inanikereketa, ingawa aliyebaki hakuzuiwa kuondoka familia ilipopatikana.)

Kitu kimoja kilichowashangaza watafiti hao ni ukimya wa vyumba vya wachanga. Mtoto hulia ili mtu aje. Asipokuja mtu, naye huacha kulia.

Watoto walipofika miaka minne na nusu walipimwa akili. Waliobaki makao walipata wastani wa alama 73, waliopata familia 81, na watoto wa jiji hilohilo waliokulia kwao tangu mwanzo 109. Waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliofaidika zaidi. Na kule kumrukia kila mgeni, ambako sisi tunakuita upendo, watafiti walikuhesabu kuwa dalili ya mtoto aliyekosa mtu wake mmoja.

Najua jibu litakalokuja: vituo vyetu si vya Ceaușescu. Kweli, vingi ni visafi, na watoto wanakula vizuri kuliko jirani zao. Lakini zamu ikiisha dada anavua aproni na kwenda kwa wanawe, anaingia mwingine, na mwaka ujao huyo naye ameacha kazi. Mchele wetu hauzibi pengo hilo. Tena wengi tunaowaita yatima wana mzazi aliye hai, au bibi huko kijijini aliyeshindwa sare, daftari na mlo wa pili. Kituo kinapofadhiliwa na bibi hafadhiliwi, mtoto atakwenda kituoni. Mnyonge gani angechagua vingine?

Rwanda iliamua mwaka 2012 kuanza kuwatoa watoto vituoni, na leo ina walezi wa kujitolea wanaoitwa Malayika Murinzi. Kenya nayo imejiwekea mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuhamishia malezi kwenye familia. Wafadhili binafsi, yaani sisi wa fulana, ndio tuko nyuma.

Sisemi kila mtoto arudishwe. Wapo waliochomwa na kupigwa na hao hao ndugu, na mwingine ameokotwa stendi usiku huu na anahitaji pa kulala. Kwa hao kituo kiwepo, kiwe cha wiki chache, wakati afisa ustawi wa jamii anamtafuta shangazi au mlezi wa kambo. Nauli ya kumtafuta huyo shangazi ndiyo ambayo sijawahi kuiona kwenye orodha ya mchango wowote.