Bryan Clauson hakuwa njiani kwenda kokote

Kila Agosti ikifika, watu wa mbio za magari huanza kumkumbuka Bryan Clauson, dereva wa Marekani aliyefariki kwa ajali ya mbio mwaka 2016, na kila mara hapakosi mtu wa kusema kwamba kijana yule angefika mbali. Hapo ndipo huwa naudhika. Afike wapi tena? Ubingwa wa USAC, chama kinachosimamia mbio za magari Marekani, wa magari madogo ya mijeti aliuchukua 2010 na 2011. Wa magari ya sprinti, makubwa kidogo kuliko hayo, aliuchukua 2012, akaurudia 2013. Chili Bowl, ile mbio ya ndani ya ukumbi kule Tulsa ambayo kila dereva wa viwanja vya udongo huiota, alishinda 2014. Mtu wa namna hiyo mnamlilia kama mwanafunzi aliyefariki kabla ya mtihani?

Tazama siku moja tu, Jumapili ya tarehe 29 Mei 2016. Mchana alikuwa Indianapolis kwenye Indy 500, ile mbio maarufu ya maili 500, tena ya 100 tangu ianze, ambayo tiketi zake ziliisha zote. Aliongoza mizunguko 3, akamaliza wa 23. Alexander Rossi akashinda, akanywa maziwa yake kama desturi ya pale inavyotaka. Clauson naye akashika barabara ya kaskazini hadi Kokomo, mwendo usiofika kilomita 100, akaingia kwenye gari la sprinti, na usiku uleule akashinda. Mbio kubwa kuliko zote Marekani ilikuwa, kwake, mbio moja katika 200 alizojipangia kukimbia mwaka ule. Mia mbili! Zitoe kwenye siku za mwaka uone anabaki na ngapi za kulala.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuliona, gari la sprinti ni kitu cha ajabu. Lina uzito wa kama kilo 630 tu, na injini yake hutoa takriban nguvu za farasi 900. Halina giaboksi, halina stata, halina betri ya kuliwasha. Pikapu hulisukuma kwa nyuma mpaka injini ishike. Tairi la nyuma kulia ni kubwa kuliko la kushoto, maana safari yote ni kukata kona kwenda kushoto. Dereva amefungwa ndani ya kizimba cha vyuma. Mengine hukimbia na bawa kubwa juu ya paa la kukandamiza gari chini, lakini USAC, alikotawala Clauson, hukimbia bila bawa, na bila bawa gari linarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Mijeti ni ndugu yake mdogo, mwepesi zaidi, wa injini ya silinda nne.

Naishi Indiana, na aliyenitia ugonjwa huu ni mwenzangu wa kazini aliyenichukua Ijumaa moja baada ya zamu tukaenda uwanja wa Kokomo. Aliniketisha kona ya nne na kunipa miwani ya kufanyia kazi, mimi nikaiweka mfukoni. Mzunguko wa kwanza tu, udongo ulitupiga usoni kama mvua ya mawe. Moshi wa methanoli, mafuta ya magari haya, unawasha macho bila kuonekana vizuri. Magari yanaingia kona yakiwa ubavu, tairi za mbele zimegeukia kulia huku gari lenyewe linakwenda kushoto, na dereva anabandua karatasi za plastiki kwenye kioo cha kofia moja baada ya nyingine ili aone mbele. Kufika nusu ya mbio udongo wa ndani umekauka na kung'aa kama sakafu ya saruji, na wenye akili wameshahamia juu, kwenye tuta la udongo laini karibu na ukuta. Sentimita chache zaidi, ukuta. Sentimita chache pungufu, unapitwa.

Kwenye ukanda huo mwembamba ndipo Clauson alipokuwa mfalme. Na jambo linalosahaulika ni kwamba alishapelekwa huko kunakoitwa mbali. Mwaka 2008, akiwa na miaka 19, alianza wa kwanza Daytona kwenye daraja la pili la NASCAR, ligi maarufu ya mbio za magari Marekani, akiwa na timu ya Chip Ganassi. Nafasi ile haikudumu, akarudi kwenye udongo. Indy 500 aliikimbia mara tatu: 2012, 2015 na 2016. Alikuwa na uwezo wa kukaa pembeni akisubiri simu ya tajiri wa timu, kama wanavyofanya wengi. Yeye alichagua kukimbia kila wiki, mara nyingi zaidi ya mara moja kwa wiki, kwa zawadi ambazo dereva wa Formula 1 hawezi kuinama kuziokota. Mimi sioni kushindwa hapo. Naona fundi aliyejua kazi yake iko wapi.

Tarehe 6 Agosti 2016 alikuwa Belleville, Kansas, kwenye mbio za taifa za mijeti. Uwanja wa Belleville ni wa nusu maili, kona zake zimeinuliwa sana, na kwa gari dogo kama mijeti ni mahali pa kasi ya kutisha. Alikuwa anaongoza. Alipofika kwa magari ya nyuma yaliyokuwa yanazungukwa, gari lake likagonga ukuta, likapinduka, na kabla vumbi halijatua gari jingine likaligonga. Alisafirishwa kwa helikopta hadi Lincoln, Nebraska, na usiku wa Jumapili tarehe 7 akafariki. Alikuwa na miaka 27.

Nilipomsimulia mama kwa simu, aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, huyo kijana ameacha mtoto?" Nikamwambia hapana mama, ameacha mchumba na wazazi. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi mwambie na huyo rafiki yako wa kazini aache." Rafiki yangu haendeshi hata baiskeli, lakini nilimwelewa.

Kuna faraja nyingine inayogawiwa bure misiba ya namna hii ikitokea, kwamba marehemu amekufa akifanya alichokipenda. Sawa, alikipenda. Lakini maneno hayo huwa yanakuja haraka mno, na yakishatamkwa, anayetaka kuuliza habari za kuta, uzio na vikosi vya uokoaji huonekana hana adabu. Wiki moja baada ya kifo cha Clauson, dereva Jason Johnson wa Louisiana alishinda Knoxville Nationals, mbio kuu ya magari ya sprinti, kule Iowa, akimtangulia Donny Schatz aliyekuwa kama mwenye nyumba pale. Watu walilia kwa furaha. Tarehe 23 Juni 2018 Johnson alipata ajali Beaver Dam, Wisconsin, naye kesho yake akafariki. Septemba mwaka huohuo akafuata dereva mwingine, Greg Hodnett, kwa ajali huko Pennsylvania. Viti vya siku hizi vinakumbatia kichwa na mabega, mikanda imeboreshwa, kofia zimeunganishwa na vizuizi vya shingo. Lakini viwanja hivi vidogo kila kimoja kina mwenyewe na mfuko wake, na ukuta wa mji mmoja si ukuta wa mji mwingine. Mpenzi wa mchezo anayeudhika ukiyasema haya, sijui anampenda nani hasa, dereva au ajali.

Mazishi ya Clauson hata hivyo hayakuwa mwisho wake, na hapa simaanishi kuishi mioyoni mwa watu. Alikuwa amejiandikisha kuchangia viungo vyake, na viungo hivyo viliokoa watu 5. Mwaka mmoja kabla yake, Agosti 2015, dereva Mwingereza Justin Wilson alifariki baada ya ajali huko Pocono katika IndyCar, ligi ambayo Indy 500 ni mbio yake mojawapo, na viungo vyake navyo viligawiwa. Kampeni ya uchangiaji ikazaliwa kwenye mbio, na kifo cha Clauson kikaipa nguvu mpya, maelfu wakajiandikisha. Hapa Indiana ukienda kuchukua leseni ya udereva unaulizwa swali hilo dirishani, na ukikubali unawekewa alama ndogo ya moyo kwenye kadi. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunajibu hapana kwa haraka, kama mtu aliyeulizwa kama ana homa. Wengine wana sababu za dini na nawaheshimu. Lakini wengine, mimi nikiwa mmoja wao kwa muda mrefu, tulikuwa tunakwepa tu kutaja kifo mbele ya karani. Kadi yangu sasa ina ule moyo. Mama bado sijamwambia.

Na kwenye mbio zenyewe walimwenzi kwa lugha yao. Clauson na wenziwe walikuwa na msemo wao wa ushindi, "kupaki": ukishinda, unaenda kupaki gari mbele ya jukwaa watu wakupigie makofi. Baada ya kifo chake vibandiko vya kuhimiza watu wakapaki kwa ajili ya BC vilienea kwenye magari kuanzia viwanja vya vijijini hadi NASCAR, na washindi wakawa wanalisema jina lake kwenye kipaza sauti hata kabla ya majina ya wadhamini. Anayejua mbio za Marekani anajua hilo si jambo dogo.

Kisha mwaka 2018 wenye uwanja wa Indianapolis wakamwaga udongo ndani ya kona ya tatu, wakatengeneza kiwanja cha robo maili na kuanzisha mbio za mijeti zinazoitwa BC39, herufi za jina lake na namba ya gari lake. Brady Bacon alishinda ya kwanza. Mwaka 2021 alishinda Kyle Larson, katika msimu uleule aliotwaa ubingwa wa NASCAR. Hakuna ngazi ya juu kuliko hiyo kwa dereva wa Marekani aliyeanzia kwenye udongo. Larson alikuwa amesimama juu yake, na katikati ya wiki akaja na kofia yake kwenye kiwanja cha mita 400, akapita kwenye mchujo kama kila mtu.