Bei ya IVF isiyotaja dawa si bei

Kliniki nyingi za uzazi Nairobi hukupa bei ya kifurushi cha IVF, yaani kutungisha mimba nje ya mwili: ultrasaundi, kutoa mayai, kazi ya maabara, kupandikiza kiinitete. Kisha chini ya karatasi unakuta maneno "dawa hazijajumuishwa". Karatasi hiyo haistahili kuitwa bei. Sindano za kukuza mayai hubeba sehemu kubwa ya gharama, tena ndizo zinazoweza kupanda matibabu yakiwa yameshaanza, wakati huwezi kuomba mambo yasubiri hadi mwisho wa mwezi.

Kabla ya siku ya pili ya hedhi, mwombe daktari akuandikie idadi ya uniti za dawa utakazohitaji. Kipimo cha kawaida cha FSH, homoni iliyomo kwenye sindano hizo, ni uniti 150 hadi 300 kwa siku, kwa siku 8 hadi 12. Aliyeandikiwa 225 kwa siku 10 anahitaji uniti 2,250. Kalamu za sindano za Gonal-f, mojawapo ya chapa za FSH, zina uniti 300, 450 au 900, kwa hiyo mbili za 900 na moja ya 450 zinamtosha kamili. Lakini ultrasaundi ikionyesha kwamba mayai yanakua polepole, daktari anaweza kupandisha kipimo hadi 300, na siku tano zilizobaki zikadai uniti 1,500 badala ya 1,125. Omba hesabu zote mbili, ya kawaida na ya kupandishwa. Halafu gawanya bei ya kila kalamu kwa uniti zake ndipo ulinganishe maduka ya dawa.

Usinunue zote kwa mkupuo. Chukua za siku tano au sita za kwanza, zilizobaki uzichukue baada ya ultrasaundi, ukiwa umeshaahidiwa na duka kwamba zimewekwa akiba, hasa wikendi ikiwa karibu. Dawa ya friji ikishatoka dukani hairudishwi. Sindano ya kupevusha mayai ni tofauti: inunue mapema, kwa sababu hudungwa saa 34 hadi 36 kabla ya mayai kutolewa, na saa hiyo ikipita mzunguko mzima unaweza kuharibika. Kalamu ikibaki na uniti 75 usiitupe. Dirisha lake la kipimo huonyesha kiasi kilichopungua, nawe unakikamilisha kwa kalamu mpya. Ikishafunguliwa hutumika hadi siku 28.

Uliza pia kuhusu hMG, dawa nyingine ya kukuza mayai, inayotokana na mkojo wa wanawake waliokoma hedhi, ambayo mara nyingi huwa nafuu. Tafiti zilizoilinganisha na FSH ya maabara hazikupata tofauti ya maana katika idadi ya watoto wanaozaliwa. Daktari anayekuandikia ile ghali ana wajibu wa kukueleza sababu.

Dawa za mabaki zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp ziache, hata zikiwa nusu bei. FSH iliyoganda au kupikwa na joto la gari lililoegeshwa juani huwezi kuitambua kwa macho. Utaitambua siku ya ultrasaundi, mayai yakiwa hayakukua. Hata ya dukani, ikiletwa na bodaboda kutoka Upper Hill hadi Rongai, barafu isiguse boksi moja kwa moja.

Sasa bima. Vifurushi vya SHA, bima ya afya ya serikali, havina IVF, ingawa unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Bima nyingi za binafsi nazo huandika kwamba hazilipii matibabu ya ugumba. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa mapema mno. Uvimbe wa fibroidi, endometriosisi (utando wa mji wa mimba kuota nje yake), tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri na maambukizi ya nyonga ni magonjwa kamili, yanayotibiwa hata kwa mwanamke asiyetafuta mtoto. Daktari akijaza fomu kwa msimbo N97 peke yake, yaani ugumba wa mwanamke, mashine ya bima inakataa kila kitu, hadi kipimo cha tezi. Fibroidi ni D25, endometriosisi ni N80. Kama ugonjwa upo na umethibitishwa, uandikwe kwa jina lake. Sisemi udanganye: kumwomba daktari abuni ugonjwa ni ulaghai, na unaweza kukufutia bima ya familia nzima. Nasema fomu ieleze ukweli wote badala ya nusu yake.

Omba kibali cha awali kwa barua pepe, si kwa simu. Ukikataliwa, wakutajie kifungu cha mkataba. Kifungu kisipooneshwa, lalamika kwa kampuni kwa maandishi, kisha upeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Jua pia dawa zinahesabiwa upande gani: zikikatwa kwenye kikomo cha wagonjwa wa nje, kikomo hicho huenda kikaisha kabla ya projesteroni, homoni ya kushikilia mimba, nayo huweza kuendelea hadi wiki ya 8 au ya 12 ya ujauzito.

Mambo mawili husahaulika na yanaumiza. Ovari zikichochewa kupita kiasi, maji hujaa tumboni na unaweza kulazwa. Uliza mapema kama bima itaona hiyo ni dharura au ni "matokeo ya matibabu yasiyolipiwa". La pili ni ujauzito wenyewe: bima za uzazi huwa na kipindi cha kusubiri, mara nyingi miezi 10 hadi 12, na baadhi ya mikataba hubagua mimba ya IVF. Mapacha wakizaliwa njiti, gharama ya chumba chao cha uangalizi inaweza kupita ya IVF yenyewe.

Kwa walio na bima ya kazini, mkataba hujadiliwa upya kila mwaka. Mpelekee afisa wa rasilimali watu ombi la kuongeza kipengele cha uzazi miezi miwili au mitatu kabla ya tarehe hiyo, bila kueleza habari zako binafsi, na ikiwezekana wafanyakazi kadhaa mtie sahihi pamoja.