Una chupa?

Jumamosi iliyopita nilikaa dakika 20 kwenye foleni ya mashine ya kurudishia chupa, huku Ujerumani, karibu na Koblenz ninakoishi. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja na mifuko mitatu iliyojaa. Anatoa chupa, anaiingiza kwenye tundu, mashine inaizungusha, inasoma lebo, inaimeza. Moja ilikuwa imekunjamana, mashine ikaitema. Mzee akaitazama, akaweka mdomo kwenye shingo ya chupa akaipuliza mpaka ikanyooka, akaifuta lebo kwa kiganja, akairudisha. Ikapita. Senti 25 zikaongezeka kwenye hesabu yake.

Walio nyuma yangu walikuwa wanaguna. Mimi nilikuwa mbali kabisa, nimesimama mbele ya nondo za dirisha la duka la Mangi, mkononi chupa mbili tupu za soda, na Mangi ananiuliza lile swali ambalo kila mtoto wa Dar wa rika langu analijua: "Una chupa?"

Mnakumbuka. Wageni wakija, mtoto anaitwa pembeni, anapewa hela na chupa, anapitia mlango wa uani. Nyumbani kama hakuna tupu, unakimbia kuazima kwa jirani. Jirani naye akikosa, unaacha hela ya chupa kwa Mangi, na jioni hiyo hela isiporudi utaeleza imekwenda wapi. Kuvunja chupa ya soda ilikuwa kesi inayosubiri baba atoke kazini. Hakuna aliyetufundisha mazingira. Chupa ilikuwa na mwenyewe, mwenyewe alikuwa kiwanda, na gari la kiwanda likishusha kreti zilizojaa halikuondoka bila kupakia zilizo tupu.

Siku hizi jambo hilo lina jina kubwa, uchumi wa mzunguko, na tunaelezwa kwamba viwanda vyetu vinatakiwa kujifunza. Hapo ndipo damu inaponichemka. Kujifunza nini? Viwanda vyetu vya vinywaji vilikuwa nalo jambo hilo. Vikaanza kuliacha.

Nisiseme kwa hasira tu, niseme ninachokiona kazini. Huu ni mwaka wangu wa sita katika kiwanda cha maji ya chupa, upande wa kuoshea. Wajerumani wana chupa ya kioo ya maji, ya lita 0.7, aliyoibuni Günter Kupetz mwaka 1969, na mpaka leo inatumika. Ubavuni ina vijipele 230, vimepangwa kama mapovu ya gesi. Kinachonivutia zaidi ni kwamba chupa hiyo haina kampuni moja. Ni mali ya ushirika wa makampuni ya maji, kila mwanachama anaijaza na kubandika lebo yake. Ikitoka kwetu ikanywewa Hamburg, hakuna haja ya kuisafirisha kurudi huku. Kiwanda cha jirani na huko kitaiosha na kuijaza. Sisi kwetu ukipeleka chupa ya kampuni hii hupewi soda ya kampuni ile, na ninaamini huo ulikuwa ufa wa kwanza.

Chupa zinapofika zinavuliwa vifuniko, zinazamishwa kwenye maji ya kostiki, dawa kali ya kuoshea, yenye joto la nyuzi 80 hivi, zinasuuzwa, kisha zinapita mbele ya kamera. Yenye mdomo uliomomonyoka au uchafu unaong'ang'ania inasukumwa pembeni. Wiki mbili zilizopita niliokota mojawapo. Kifuani na karibu na kitako ilikuwa na miduara myeupe, kioo kimechubuka kwa kugongana na wenzake safari nyingi. Chupa kama hiyo hujazwa hadi mara 50 kabla ya kupondwa na kuyeyushwa kuwa chupa nyingine. Nilipitisha kidole gumba kwenye ule mduara, na mkono wangu ukaukumbuka kabla ya kichwa. Chupa za Mangi zilikuwa nao. Zile mlizokuwa mnasema "hii soda chupa yake imezeeka", ndizo hizo. Ilikuwa alama ya heshima, chupa iliyofanya kazi miaka na haijalala mtaroni hata siku moja.

Sasa najua mtaanza. Nimeshaandikiwa hayo mara nyingi, acha niyajibu moja baada ya jingine.

"Umekaa Ulaya miaka miwili mitatu, unakuja kutudharau." Ndugu yangu, soma tena. Ninachokisifu nilikijua Temeke kabla sijajua Ujerumani iko upande gani wa ramani. Ningekuja na kitu cha kigeni ningekubali kuitwa mwenye majivuno. Nimekuja na kreti ya soda.

"Wazungu wenyewe wanatuletea mitumba chakavu na mabaki ya kompyuta." Kweli, na ni aibu yao. Naongeza nyingine: sheria yao ya vifungashio iliyoanza mwaka 2019 imeweka lengo kwamba asilimia 70 ya vinywaji viuzwe kwenye vyombo vya kujazwa tena, na hawajalifikia hata kwa kulikaribia. Maduka ya bei nafuu yamejaa plastiki za safari moja. Na makampuni kadhaa ya bia yameanza kutumia chupa zenye nembo zao zilizochongwa kwenye kioo, ambazo mwingine hawezi kuzijaza, kwa hiyo watu wanashinda kuzichambua. Wajerumani si malaika. Ndiyo maana nawaamini: waliyoyapata hawakuyapata kwa tabia njema.

Na hapo naingia kwenye lile linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linasemwa na Watanzania kuhusu Watanzania: "Wabongo hatuna ustaarabu, hata ukileta mashine wataiba." Miaka na miaka, nchi nzima, kuanzia Kariakoo hadi gulio la mwisho kabisa kijijini, watu hao hao walikuwa wanarudisha chupa. Mabibi wasiojua kusoma walikuwa wanahesabu kreti ya chupa 24 wala hawakosei. Ustaarabu wetu ulipotea siku gani? Ulipotea siku chupa ilipoacha kuwa na thamani kwa aliyeitengeneza. Mpe Mjerumani chupa isiyo na senti ndani yake, uone ataitupa wapi.

Tena hilo halihitaji kubahatisha, lilitokea. Mwaka 1991 serikali yao iliviambia viwanda: sehemu ya vinywaji vinavyouzwa kwenye vyombo vya kurudishwa ikishuka chini ya asilimia 72, tutalazimisha amana, yaani hela ya chupa, hata kwenye makopo. Viwanda na maduka makubwa vikaendelea na makopo. Kiwango kikashuka. Amana ilipotaka kuanza, wakakimbilia mahakamani kuipinga. Ikaanza hata hivyo, tarehe 1 Januari 2003, senti 25 kwa makopo na chupa nyingi za kutupwa za bia, maji na soda, na ghafla makopo yakakaribia kutoweka madukani. Mwananchi ni yuleyule, mvivu yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba kiwanda na duka vilibanwa. Leo vyombo zaidi ya 95 katika kila 100 vyenye amana hiyo vinarudi, na usiku ukipita mjini utaona watu wameweka chupa zao kando ya pipa la taka, si ndani, ili mwenye shida azichukue bila kuingiza mkono kwenye uchafu.

Kwetu tunaanza na mwananchi na tunaishia kwa mwananchi. Kampuni inamwaga plastiki sokoni, kisha inavalisha vijana fulana na kuwapeleka Coco Beach kuokota, picha zinapigwa, habari imekwisha. Jumatatu malori yanatoka tena getini yamejaa na yanarudi matupu. Hayo malori yanayorudi matupu ndiyo ninayoyawaza kila nikiwa zamu. Zamani yalirudi na mzigo.

Kazi ya kuzirudisha chupa sasa anaifanya muokota makopo. Mnamjua, gunia limemzidi urefu, anatembea Msimbazi mvua ikishakatika. Anauza kwa kilo, na plastiki haina uzito, kwa hiyo hesabu ni chupa ngapi ameinamia mpaka kilo itimie. Mwenzake wa vyuma chakavu anasukuma mkokoteni toka asubuhi, na chuma chake kinakwenda kuyeyushwa kuwa nondo za maghorofa tunayojivunia. Hao ndio uchumi wa mzunguko wa Tanzania. Nawaonea fahari, na hapohapo nakasirika, maana wanaibeba kazi ya kiwanda bila glovu, bila bima, na bila kiwanda kuwatambua kwa jina.

"Lakini chupa ya plastiki ni nafuu kwa mnyonge." Nafuu wapi? Gharama ya kuosha, ya kreti, ya lori kupakia tupu, kiwanda kiliitua chini, kikasema kimepunguza gharama. Haikupungua. Iliokotwa na yule mama wa Jangwani anayechota maji sebuleni kwa ndoo mtaro ukiziba kwa plastiki. Yeye ndiye mnyonge, na bili ya kuosha chupa analipa yeye.

"Serikali yetu haiwezi kuvibana viwanda." Iliweza. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na kanuni zile hazikumwonea mnunuzi peke yake: faini ya mbebaji ilihesabiwa kwa maelfu, ya mtengenezaji kwa mamilioni. Nilikuja likizo baada ya hapo nikaenda sokoni na shangazi, amebeba kikapu chake cha ukili kama hakuna kilichowahi kubadilika. Wale "wasio na ustaarabu" walibadilika kwa wiki chache tu.

Ningekuwa na nafasi ya kusema na wenye viwanda vya vinywaji, nisingewaomba mashine ya kumeza chupa kama ya hapa. Ni ghali, inataka umeme, na Mangi anatosha. Ningewaomba wakae chini wakubaliane chupa moja ya kioo, isiyo na nembo ya yeyote, inayoingia kwenye kreti moja. Lebo ya karatasi itasema nani kaijaza. Halafu plastiki wanazoendelea kuzitoa ziwe na hela ya chupa ndani yake, irudishwe dukani kwa yeyote atakayeileta, awe mtoto wa nyumbani au muokota makopo. Mangi naye apewe chochote kwa nafasi ya stoo anayoitoa. Mafundi wa kuoshea chupa wapo, baadhi walipunguzwa kazi mistari ya kioo ilipofungwa, na nimeongea na mmoja wao ambaye sasa ni dereva wa bodaboda. Aliniuliza kostiki tunachanganya kiasi gani. Nilipomjibu akaniambia wao walikuwa wanaweka hivyohivyo.

Kwa mama, nyuma ya mlango wa stoo, ipo kreti nyekundu yenye chupa 24. Ilibaki baada ya harusi ya dada. Walipoipeleka dukani kijana anayeuza siku hizi akasema hapokei, yeye anauza za plastiki tu, gari halichukui tupu. Kila mara nikipiga simu namwambia mama aigawe, inajaza nafasi. Anakataa. Mara ya mwisho alinijibu, "Hizi si zangu, mwanangu. Zina wenyewe."