Sadaka haifuti deni la kibarua

Fundi amemaliza kazi. Vigae vimekaa sawa, bomba halivuji tena, na mwenye nyumba amepita juu ya sakafu akasema safi kabisa. Kinachofuata ni lile neno ambalo kila fundi analijua: "Njoo mwisho wa wiki tuongee." Mwisho wa wiki simu inaita haipokelewi. Ujumbe unasomwa, haujibiwi. Jumapili, mwenye nyumba huyohuyo yumo kwenye foleni ya matoleo na bahasha yake nene, wala hajifanyi. Anaamini kwa dhati kwamba yeye na Mungu hawadaiani.

Mimi nina ugomvi na bahasha hiyo. Tumezoea kuuzungumzia utu wa binadamu kama suala la moyo mwema: uwe mpole kwa wanyonge, uwakumbuke yatima wakati wa Krismasi, usiwadharau watu. Yote mazuri. Lakini Mafundisho Jamii ya Kanisa Katoliki, yaani mafundisho yake juu ya haki na maisha ya jamii, hayakuanzia kwenye upole. Yalianzia kwenye mshahara.

Tarehe 15 Mei 1891, Papa Leo wa Kumi na Tatu alitoa Rerum Novarum, waraka juu ya hali ya wafanyakazi, wakati viwanda vya Ulaya vikitumia watu, watoto wakiwemo, kwa saa nyingi na malipo kiduchu. Humo kuna hoja inayowakata maini wengi wetu hata leo. Ukimwambia mtu kwamba anamlipa mfanyakazi wake kidogo mno, jibu liko mdomoni tayari: "Si alikubali mwenyewe?" Papa Leo alilijibu hilo. Makubaliano ya hiari hayatoshi. Ikiwa mtu amekubali malipo yasiyomwezesha kuishi kwa sababu shida imembana au anaogopa yaliyo mabaya zaidi, huyo ameonewa, hata kama aliitikia kwa kichwa na kutia sahihi.

Papa wa sasa, Leo wa Kumi na Nne, alipochaguliwa Mei 2025 alieleza kwamba jina hilo alilichukua hasa kwa sababu ya Leo huyo na waraka wake, kwa kuwa leo akili mnemba inaleta maswali mapya kuhusu kazi na utu. Wakatoliki tukashangilia, tukasambaza habari kwenye makundi yetu. Sina hakika ni wangapi waliokwenda kulipa madeni.

Na deni lenyewe si dogo. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 1867, inataja dhambi zinazolilia mbinguni. Damu ya Abeli imo. Kumdhulumu mfanyakazi ujira wake nako kumo, kwenye orodha hiyohiyo. Yakobo katika waraka wake anasema ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele. Torati ilikuwa imekwisha kupanga hata saa: kibarua alipwe siku ileile, kabla jua halijatua, kwa maana ni maskini na roho yake iko kwenye malipo hayo. Hapo hapatajwi mwisho wa wiki.

Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye ujanani alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe na kisha kwenye kiwanda cha kemikali wakati Poland ilipokaliwa na Wanazi, aliandika mwaka 1981 katika Laborem Exercens, waraka wake juu ya kazi, kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Aliongeza kwamba ujira wa haki ndicho kipimo cha kujua kama mfumo mzima wa uchumi ni wa haki. Nami nadhani kipimo hicho kinafaa hata kwa nyumba moja.

Tuingie basi ndani ya nyumba. Saa mbili usiku familia inasali rozari sebuleni. Dada wa kazi yuko jikoni, anasikia Salamu Maria zikipita katikati ya mlio wa masufuria, kwa sababu kesho watoto wanaondoka alfajiri na vyombo havijioshi. Atakula wote wakishakula. Kitambulisho chake kinakaa kabatini kwa mama mwenye nyumba, "kwa usalama." Siku ya kupumzika haikuwahi kutajwa walipokubaliana. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unamtambua mtu huyu kuwa mfanyakazi kamili: apumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki, na nyaraka zake akae nazo mwenyewe. Inatia aibu kidogo kwamba maofisa wa kazi wametaja waziwazi jambo ambalo familia yenye picha ya Moyo Mtakatifu ukutani haijawahi kulijadili.

Atakayesema "lakini sisi tunamchukulia kama mwanetu" namwomba ajibu moja tu: mwanao unamlipa kwa kumpa nguo zako za zamani?

Hapo ndipo huruma inapogeuka kichaka cha kujifichia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa miaka ya 1960, katika hati juu ya utume wa walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, ulisema kwanza yatimizwe madai ya haki, lisije likatolewa kama zawadi ya upendo lile ambalo tayari ni haki ya mtu. Sentensi hiyo ningependa isomwe kabla ya kila ziara ya kugawa misaada. Mnazijua ziara hizo: mama mzee anakabidhiwa sabuni na unga, anaambiwa ageukie kamera, ashike boksi vizuri, atabasamu. Akikataa kupigwa picha ataonekana hana shukrani. Msaada umefika, sikatai, ila amelipia kwa sura yake.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Waajiri wengi wadogo nao hawajalipwa na waliowapa kazi, kwa hiyo mnyororo wa madeni unaishia kwa aliye chini kabisa. Ni kweli. Lakini mtu aliyekwama anaweza kupokea simu. Anaweza kusema nina nusu, chukua, iliyobaki tuiandike na tarehe. Kumzungusha mtu ni jambo jingine kabisa na kukosa pesa, na anayezungushwa anaijua tofauti hiyo.

Parokia na taasisi zetu nazo zisijifiche nyuma ya walei. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilisema anayethubutu kuwaambia watu juu ya haki lazima kwanza yeye mwenyewe awe mwenye haki machoni pao, na wanaolitumikia Kanisa kwa kazi zao wapate riziki ya kutosha na hifadhi ya jamii. Makatekista, walinzi, wapishi, makarani: nani ana mkataba, nani anachangiwa mafao ya uzeeni? Taarifa ya fedha inaposomwa kanisani tunasikia mengi juu ya paa jipya na kengele. Ningeomba mstari wa mishahara inayodaiwa usomwe kwanza, kisha ndipo tuchangie paa.