Ramani ya Rwenzori ya 1906: vipimo sawa, ila majina mh!

Kila ikitajwa ile safari ya Duke wa Abruzzi kule Rwenzori, ile milima ya mpakani mwa Uganda na Kongo, watu wanagawanyika, wengine shujaa wengine mkoloni tu, mi naona kila upande una lake. Jamaa alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Italia, 1906 akaja na timu nzima, wakapanda vilele karibu vyote, wakapima, wakachora ramani, Vittorio Sella akapiga picha, na hapo tunaongelea mlima ambao mawingu yanaufunika karibu mwaka mzima.

Faida yake ndo tunaiona sasa hivi. Barafu za kudumu zilizohesabiwa 1906 zilikuwa 43 kwenye milima sita, jumla kama kilomita za mraba 7.5, kufika 2005 imebaki kama 1.5 kwenye milima mitatu tu. Bila kile kipimo cha mwanzo tungebaki na "zamani kulikuwa na barafu sana", nenda nayo kwenye mkutano wa tabianchi uone kama kuna atakayekusikiliza.

Haya, majina sasa. Margherita malkia wa Italia, Alexandra malkia wa Uingereza, halafu wasafiri wa Kizungu, Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi... Wakonzo, wenyeji wa mlima, waliobeba mizigo huko juu kwenye matope na baridi, ambao kwao kule ni kwa Kitasamba, mungu wao wa mlimani, hawamo kwenye majina hayo makubwa! Wanaotetea wanasema ukibadilisha utavuruga kumbukumbu za kisayansi. Wapi bana, mlima mmoja Duke mwenyewe aliuita Thomson, wakubwa wa jiografia London wakataka uitwe Luigi di Savoia, yaani jina lake yeye, na ukabadilishwa, mbona sayansi haikufa?

Kwenye mpaka wa Uganda na Kongo lakini Duke simlaumu sana. Mwanzo Waingereza na Wabelgiji walitumia mstari wa longitudo 30 ambao hata hawakujua vizuri unapita wapi, mkataba wa 1910 ndo ukauhamishia mpaka huo mlimani hadi kilele cha Margherita, Wakonzo wakawa Uganda na ndugu zao Wanande Kongo. Ramani iliwarahisishia kazi, sawa, ila wangekata tu hata bila ramani, si ndo walivyofanya na ule mstari?

Kwa hiyo mi ningeacha vipimo vya 1906 kama vilivyo, halafu ramani mpya za hifadhi ziandike jina la Kikonzo kwanza kwa herufi kubwa, la malkia lifuate kwenye mabano.